Mzigo Ulituliwa, Jina Likabaki

Mwaka 1912 reli iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Tabora. Kwa serikali ya Wajerumani, huo ulikuwa ushindi wa chuma dhidi ya pori: mwendo uliowachukua wasafiri Waingereza Burton na Speke zaidi ya miezi 4 mwaka 1857 sasa ulikuwa wa siku chache. Kwa mzee wa Kinyamwezi aliyekwenda pwani na kurudi mara tano au sita, mzigo begani, habari ilikuwa nyingine. Treni ilikuja kumtua mzigo ambao hakuomba kutuliwa.

Mzigo ule haukuwa kazi tu. Ndio uliompa mahari ya kuolea, ng'ombe wa kufuga na haki ya kusema mbele ya wenzake. Ndio uliompa hata jina la kabila.

Kiswahili kina neno linalotufaa hapa. Kupagaa ni kuchukua mzigo begani, na ndiko alikotoka mpagazi. Lakini neno hilohilo hutumika kwa pepo: pepo humpagaa mtu, na mtu huyo tunasema amepagawa. Mpagazi amebeba kitu na anaweza kukitua. Aliyepagawa amepandwa na kitu, naye hajui tena yeye anaishia wapi na hicho kilichompanda kinaanzia wapi. Habari za wapagazi wa Afrika Mashariki, tangu njia za misafara hadi reli, vita na mashamba ya mkonge, zinapita katikati ya maana hizo mbili.

Jina lililotoka pwani

Kabla ya misafara hapakuwa na Wanyamwezi. Watu walikuwapo, tena wengi, katika nyanda za miombo zinazoizunguka Tabora ya leo. Lakini walijitambua kwa himaya zao ndogo ndogo, kila moja na mtemi wake: huyu wa Unyanyembe, yule wa Ulyankhulu, mwingine Msumbwa. Walipotaka kutajana kwa upana zaidi walitumia pande za dunia. Wa kaskazini walikuwa Wasukuma, wa kusini Wadakama.

Mwanzoni mwa karne ya 19 baadhi yao walianza kuteremka pwani na pembe za ndovu. Watu wa pwani walipowaona wakitokea magharibi, upande ambako mwezi mwandamo huonekana, waliwaita watu wa mwezi. Hayo ndiyo maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu jina hilo. Nyumbani kwao mtu hakuwa na haja nalo. Alilihitaji akiwa Bagamoyo, akiwa na mzigo, anapoulizwa ametoka wapi. Kwa hiyo mtu alikuwa Mnyanyembe akiwa kwao na Mnyamwezi akiwa safarini. Jina la safari ndilo lililokuja kuandikwa vitabuni, na baadaye kwenye daftari za kodi za Wajerumani na Waingereza.

Begani

Msafara ulikuwa na utaratibu wake. Mbele alitangulia kiongozi, amevaa manyoya na ngozi ya mbega, na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ikipepea. Nyuma yake walifuata wabeba pembe, na hao walijiona kuwa wakubwa kuliko wengine. Walifunga kengele kwenye ncha ya pembe ili zilie hatua kwa hatua. Ndipo wakaja wenye mitumba ya nguo, merikani na kaniki. Neno mtumba ni lilelile tunalolitumia leo kwa nguo za kuukuu zinazofika bandarini zikiwa zimefungwa marobota. Walikuwamo wenye ushanga na koili za waya, na mizigo isiyogawanyika ilikwenda kwa mzegazega, watu wawili na mti mmoja. Wanawake walikuwamo pia, wakibeba sufuria, mikeka na watoto, na kambini wakipika.

Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu frasila 2, yaani zaidi ya kilo 30. Juu yake mtu aliweka mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Posho ilipimwa kwa kibaba cha nafaka. Njiani walilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watawala wa Ugogo, kisha wakaingia Mgunda Mkali, pori kavu ambalo jina lake linatosha kulieleza.

Burton, ambaye hakuwa mtu wa kuwasifu Waafrika bure, aliandika kwamba kwa Wanyamwezi kubeba mizigo hadi pwani kulihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume. Kijana aliyebaki nyumbani alifananishwa na kuku anayeatamia mayai. Watoto walijizoeza kwa pembe ndogo. Pwani ilikuwa jando la pili: aliyeiona bahari alirudi na nguo, bunduki, maneno ya Kiswahili, na hadithi ambazo mwenzake hakuweza kuzipinga kwa kuwa hakuwapo.

Wapagazi hawakuwa wanyonge wa kubebeshwa tu. Walijadiliana ujira kabla ya kuondoka. Posho ikipunguzwa au mwendo ukizidishwa, waliutua mzigo chini wakakaa. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vimejaa malalamiko ya wapagazi waliogoma na waliotoroka usiku. Msafiri aliita uasi. Mpagazi alijua kwamba bila bega lake hakuna safari.

Kuna jambo moja katika maisha yale ambalo wasafiri walilipita haraka, nalo ndilo lililoamua mambo ya baadaye. Wanyamwezi wengi walisafiri kwa msimu. Misafara yao iliondoka baada ya mavuno, kiangazi kikianza, na wengi walitaka kuwa nyumbani mvua za kwanza zinaponyesha. Nusu ya mwaka mtu alikuwa mpagazi. Nusu ya pili alikuwa mkulima wa mtama na mfuga nyuki, mkwe wa watu, mcheza ngoma, raia wa mtemi fulani. Ujira wa pwani ulirudi nyumbani ukageuka ng'ombe, jembe au mke. Hata kama upagazi ulimpa sifa kubwa kuliko yote, haukuwa kitu pekee alichokuwa nacho.

Waungwana na Wayeke

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Unguja na Bagamoyo palikuwa na wapagazi wa mwaka mzima, wengi wao watumwa au waliokuwa watumwa, waliotolewa kwao wakiwa watoto na wasioweza kurudi. Hao walijiita waungwana. Mwungwana kwa Kiswahili cha mji ni mtu huru, mwenye nasaba na adabu. Mtumwa aliyejiita hivyo alikuwa anadai kwa mdomo kile ambacho sheria ya bwana wake ilimnyima, na safari ndiyo iliyomwezesha kudai. Bara, mbali na bwana, akiwa na kanzu, bunduki na Kiswahili, nani angembishia?

Sidi Mubarak Bombay alitoka kundi hili. Alizaliwa Uyaoni, akakamatwa akiwa mtoto, akauzwa hadi India, akapata uhuru, akarudi Zanzibar na jina la mji wa ugenini. Alisafiri na Burton na Speke, kisha na Stanley, kisha na Cameron aliyevuka bara kutoka pwani hadi pwani. Jumuiya ya Kijiografia ya London ilimpa medali na malipo ya uzeeni. Ndugu, ukoo na lugha ya mama vilikuwa vimepotea. Kilichompa nafasi duniani ni njia.

Jina la waungwana lilikwenda mbali kuliko wenyewe. Walipofika Manyema na kuvuka hadi mto Kongo, lugha yao iliitwa Kingwana, na kwa miaka mingi hilo lilikuwa jina la Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Watu walioitafuta heshima kwa jina wakaliacha likiwa jina la lugha.

Mfano wa pili uko Katanga. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara na wawindaji kutoka Unyamwezi na Usumbwa walifika huko kutafuta pembe na shaba. Mmoja wao, Msiri, alisimamisha dola yenye makao Bunkeya na kuitawala hadi alipouawa na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme wa Ubelgiji Desemba 1891. Watu wake waliitwa Wayeke, na jina hilo lilitokana na chama cha wawindaji wa tembo huko kwao. Wayeke wapo hadi leo, na mwami wao yupo Bunkeya. Tembo walikwisha zamani. Jina la chama cha kazi likawa jina la ukoo, la mila, la mahali pa kuzikwa.

Treni mbili

Reli ya kwanza kuupiga upagazi wa Unyamwezi haikupita Unyamwezi hata kidogo. Ilikuwa ya Waingereza, ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa leo Kisumu, mwishoni mwa 1901. Ghafla mali ya Mwanza na Bukoba, iliyokuwa ikishuka kwa mabega kupitia Tabora hadi Bagamoyo, iliona njia fupi: merikebu ya moshi ziwani, kisha treni hadi Mombasa. Tabora ilibaki imekaa katikati ya njia ambayo haikuwa njia tena.

Wajerumani waliona biashara yao ikiponyoka. Mwaka 1905 walianza kujenga reli yao kutoka Dar es Salaam, wakaiacha Bagamoyo pembeni. Reli ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma mapema 1914, jumla ya kilomita zaidi ya 1,200. Na waliochimba tuta, waliokata mataruma na waliobeba reli zenyewe, sehemu kubwa walikuwa Waafrika wa humu nchini, Wanyamwezi wakiwa miongoni mwa waliotafutwa sana. Sifa waliyoijenga njiani kwa miaka 80, ya watu wasioogopa kutoka kwao na wenye kuvumilia kazi, ndiyo iliyowapeleka kwenye kambi za ujenzi. Walilipwa kuitandika njia ya kitu kilichokuja kuchukua kazi yao.

Reli ilipofika Kigoma, meli nzima iliweza kusafirishwa ikiwa vipande. Ile Graf Götzen, ambayo tunaijua kwa jina la Liemba, ilipelekwa kwa treni katika masanduku yapatayo 5,000, ikaungwa kando ya Ziwa Tanganyika na kushushwa majini Februari 1915. Hebu gawanya masanduku hayo kwa mabega, ujaribu kuyavusha Mgunda Mkali.

Bagamoyo ilisinyaa. Waliokuwa wakiishi kwa misafara tu, yaani wenye nyumba za kupanga, wauza chakula, waajiri, na wapagazi wa mjini wasiokuwa na shamba popote, walihama au walififia. Kwao kazi na maisha yalikuwa kitu kimoja, kwa hiyo vilikwenda pamoja. Mnyamwezi wa msimu alirudi kwenye nusu ya pili ya mwaka wake, ambayo ilikuwapo siku zote.

Kipande, vita na namba

Kurudi nyumbani hakukuwa amani. Kodi ya nyumba, ambayo Wajerumani waliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1890, ilitaka fedha, na fedha zilikuwa mashambani mwa walowezi. Huko mtu alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi iliyokamilika. Aliyekosa siku hakulipwa mpaka nafasi zijae. Njiani mtu alihesabiwa kwa mzigo wake na cheo chake katika msafara. Shambani alihesabiwa kwa alama kwenye kadi.

Kisha vikaja vita, na upagazi uliodhaniwa umekufa ukafufuliwa kwa nguvu. Kati ya 1914 na 1918 majeshi yalipigana mara nyingi mbali na reli, katika nchi ambako mbung'o waliua farasi na nyumbu na matope yalizamisha magari. Waingereza waliandikisha wabeba mizigo wapatao milioni 1 katika vita vya Afrika Mashariki, na waliokufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, wanakaribia laki 1. Wajerumani nao walichukua watu vijijini kwa maelfu. Kazi iliyokuwa kipimo cha uanaume sasa ilikuwa kamba ya kufungia watu, na nyumbani vijana waliikimbia. Bega lilikuwa lilelile na uzito ulilingana. Kilichoondoka ni hiari, ujira wa kujadiliana na kiongozi mwenye manyoya.

Baada ya vita Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, na mkonge wa Tanga na kando ya reli ulitaka watu. Mawakala waliwaandikisha bara, wakawapakia, wakawapa kandarasi na namba. Lugha ya mtaani iliwapa jina: manamba. Tangu 1944 wakubwa wa mashamba walikuwa na ofisi yao ya kutafutia watu, SILABU. Njia ya treni ndiyo iliyomshusha pwani mjukuu wa mpagazi, safari hii bila kengele na bila pembe.

Mkonge nao ulipata siku yake. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani zipatazo 230,000, na hakuna nchi iliyoipita. Lakini viwanda vya ng'ambo vilikuwa vimeanza kusokota kamba kwa nyuzi za mafuta ya petroli, na bei ya mkonge ikaporomoka. Mashamba yakavamiwa na majani. Treni ilikuwa imechukua mzigo wa babu. Nailoni ikachukua mkonge wa mjukuu.

Hapa ndipo tofauti inapojitokeza. Jina Mnyamwezi lilikipita kifo cha misafara. Jina Myeke lilikipita kifo cha tembo. Manamba halikuwa jina la mtu yeyote. Lilipokwisha shamba, lilikwisha nalo, na leo hakuna anayesema yeye ni mwana wa manamba kwa namna anayosema ni mwana wa Unyanyembe. Jina hilo halikuwahi kupewa chochote cha kushika nje ya kandarasi: halina ngoma, halina utani, halina mashairi ya harusi.

Kilichobaki

Tusiipambe njia ya misafara kupita kiasi. Ilijaa njaa, ndui na watumwa waliofungwa minyororo wakipita njia hiyohiyo na wapagazi huru, na mara nyingine wakibeba pembe zilezile. Tunaitazama kwa sababu moja: inaonyesha watu walioupa upagazi moyo wote kisha wakaweza kuutua.

Waliweza kwa kuwa safari ilizaa mambo ambayo hayakuhitaji mzigo ili yaendelee. Mfano ni utani. Wanyamwezi na Wazaramo, kama makabila mengine ya njiani, walianza kutaniana katika zama za misafara, pale ambapo mgeni aliyeugua au aliyefiwa mbali na kwao alihitaji mtu wa kumsitiri. Mtani alizika, na mtani alikuwa na ruhusa ya kufanya mzaha msibani pale ambapo ndugu hawawezi. Treni haikuugusa mkataba huo. Mpaka leo, kwenye msiba Dar es Salaam, mtani anaweza kuyazuia mazishi mpaka apewe chochote, na waombolezaji wakacheka katikati ya machozi. Hakuna anayemuuliza kama babu yake alibeba pembe.

Na bega lenyewe halikustaafu. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro maelfu ya vijana hubeba mahema, majiko na chakula cha watalii. Wenyewe huitana wagumu. Kanuni ya hifadhi inaweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mgeni, na mizani iko langoni. Kabla ya reli hakukuwa na mizani ya kumlinda mpagazi zaidi ya uamuzi wake wa kuutua mzigo na kukaa.

Leo zamu ya kutuliwa mzigo ni ya makarani, wapiga chapa, wafasiri, wahasibu, na hata sisi tunaoandika. Programu za kompyuta zinafanya kwa dakika kazi ambayo mtu aliisomea miaka 4. Tunaitana kwa kazi zetu: mwalimu, daktari, injinia, fundi, hata kwenye kadi ya harusi cheo hutangulia jina. Hakuna ubaya, Wanyamwezi nao walijivunia kengele za pembe. Lakini wao walikuwa na nusu ya pili ya mwaka. Nasi inatupasa tuwe nayo mapema, kabla treni haijafika: shamba au ukumbi wa mazoezi, ukoo, kikundi cha ngoma, msikiti au kwaya, marafiki wasiojua cheo chetu. Anayeingoja ifike kwanza ndipo atafute, atakuwa amekwisha kupagawa.

Katikati ya Dar es Salaam imesimama sanamu ya askari tangu 1927, bunduki mkononi. Amesimama peke yake, hana mpagazi kando yake. Ila si mbali na hapo, mahali ambapo Waingereza waliweka kambi ya wabeba mizigo baada ya kuuteka mji mwaka 1916, pana soko kubwa kuliko yote nchini. Kikosi kile kiliitwa Carrier Corps, na midomo ya wenyeji ikalilainisha jina hilo likawa Kariakoo. Wanaokwenda kununua kitenge huko kila siku hawabebi kitu ila mifuko yao, na jina wanalitamka.